Kupiga picha ndege uani Mombasa: yanayosemwa na ukweli wake

"Uani kwetu hakuna ndege ila kunguru." Si kweli. Kunguru wa Bara Hindi ni mgeni aliyeonekana Mombasa miaka ya 1940, na kelele zake huwafunika wenyeji. Weka beseni la maji, kina cha vidole viwili, chini ya mkilifi, na jiwe katikati. Shore atashuka, na tetere pia. Chozi mtafute kwenye maua ya mgomba, na mnana kwenye mnazi, akichana kuti bichi apate nyuzi za kusukia kiota.

"Lazima uvae mabaka kama askari." Kwanza, raia kuvaa sare kama za jeshi hapa Kenya ni kosa kisheria. Pili, ndege huona rangi kuliko sisi. Kinachomtisha ni umbo la mtu na mwendo wake. Kibanda cha kujifichia, cha makuti au magunia, kinatosha, mradi kikae siku kadhaa bila mtu ndani hadi wakizoee. Pindo za gunia zifunge chini kwa kamba: kusi ikivuma, gunia linalopepea halimwachi ndege hata mmoja.

"Bila lenzi kubwa hupati kitu." Kijiti anapotua ndege kikiwa mita 4 au 5 kutoka kibandani, lenzi ya milimita 300 inatosha. Angalia tu kama lenzi yako inaweza kulenga kitu kilicho karibu hivyo.

"Nisipokigusa kiota sina kosa." Hili linaniuma. Watu huamini ndege hutelekeza kiota kwa harufu ya mkono wa mtu, basi wakisimama hatua mbili wanajiona salama. Ndege wengi hawajali harufu hiyo. Hatari ni kule kusimama kwenyewe: mama haingii, mayai yanapigwa na jua. Mbaya zaidi ni kukata majani ili picha itoke wazi, kwa sababu kunguru naye anaona. Hula mayai na makinda, na tundu ulilomfungulia atalitumia ukishaondoka. Kibanda kielekeze kwenye maji, si kwenye kiota.

"Lenzi ikishika ukungu imeharibika." Ukungu huo ni mvuke tu: kamera iliyolala chumba chenye eisi (kiyoyozi) ni baridi, na hewa yetu ina unyevu mwingi unaotanda kwenye kioo baridi. Itoe alfajiri ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, usiufungue mpaka ipate joto la nje.