Kama helikopta inafika Barafu, Mars inashindwaje?

Juzi kijiweni hapa Moshi helikopta ya uokoaji ilipita juu yetu ikielekea mlimani, mshkaji mmoja akasema sasa kama hiyo inafika Barafu, ile kambi ya juu Kilimanjaro, kule sayari ya Mars helikopta kuruka shida iko wapi, tena kule kila kitu ni chepesi. Wengi waliitikia. Nimebeba mizigo mlimani misimu kadhaa na haya mambo nayapenda sana, naomba niyaweke sawa.

La wepesi ni kweli, ila ni nusu ya habari. Mvutano wa Mars ni kama asilimia 38 ya wa kwetu, kwa hiyo ile helikopta ndogo ya NASA (shirika la anga la Marekani) iliyoruka kule, Ingenuity, iliyokuwa na kilo 1.8 (haifiki hata mfuko wa kilo mbili za sembe), kule uzito wake ulikuwa chini ya robo tatu ya kilo ukipima kwa mzani wa dukani. Sawa, mzigo umepungua. Lakini mapanga yanainua helikopta kwa kusukuma hewa chini, na hewa yenyewe kule ni kama asilimia moja tu ya hii tunayovuta, yaani umepunguziwa mzigo zaidi ya nusu halafu kinachokubeba umenyang'anywa karibu chote.

Na hapa ndo Kilimanjaro inatudanganya. Pale Uhuru, juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, unapiga hatua tatu unasimama kuhema, unaona hewa imeisha kabisa, kumbe bado iko karibu nusu ya ile ya Tanga baharini. Ukitaka hewa nyepesi kama ya Mars inabidi upande kama kilomita 30, ni Kibo tano zimebebana, wakati rekodi ya helikopta hapa duniani, iliyowekwa mwaka 1972, ni mita 12,442.

Wengine wanasema basi si uzungushe tu kwa kasi. Ndo walichofanya, angalia panga boi likiwa namba ya mwisho, linazunguka mara mia chache kwa dakika, Ingenuity ilikuwa inapiga zaidi ya 2,400, na mapanga yake yalikuwa na urefu wa mita 1.2 ncha hadi ncha. Ila huwezi kuongeza tu unavyotaka, maana sauti kule inasafiri polepole, kama mita 240 kwa sekunde wakati hapa ni 340, na ncha za panga zikikaribia spidi hiyo ukinzani unapanda ghafla na mtetemo unaanza. Kwa hiyo ufumbuzi ni kitu chepesi sana chenye mapanga makubwa.

Eti kuna mtu ameshika rimoti Marekani? Hapana jamani. Ishara inachukua dakika kadhaa kufika, na safari ya kwanza, tarehe 19 Aprili 2021, ilikuwa ya sekunde 39. Ilijiongoza yenyewe.

Dhoruba nazo tunaziogopa bure, upepo wa kilomita 100 kwa saa kule unasukuma kama kaupepo ka kilomita 12 au 13 hapa. Vumbi ndo shida, linaziba sola, na Mei 2022 betri iliisha usiku mawasiliano yakapotea kwa muda.

Kinachoniuma ni wanaosema iliangushwa na hewa. Ilipangiwa safari tano, ikaruka 72! Januari 18, 2024 ilikuwa juu ya mchanga uliolala sawasawa hauna mawe, na kamera yake inajua inakoenda kwa kufuata alama za chini, hapo hazikuwepo za kutosha, ikatua vibaya mapanga yakaharibika. Ukishawahi kukatiza lile jangwa kati ya Mawenzi na Kibo ukungu umeshuka, jiwe huoni, njia huoni, miguu bado ina nguvu lakini hujui pa kuiweka, utaielewa.