Kwenda London na kurudi New York: umbali mmoja, saa tofauti

Wengi huamini kuwa ndege inayotoka London kwenda New York ingepaswa kufika haraka kuliko inayorudi, kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki na hivyo New York "inakuja" kuipokea. Sivyo, na mambo huwa kinyume kabisa.

Kati ya viwanja vya ndege vya Heathrow (London) na JFK (New York) kuna takriban kilomita 5,550, uende au urudi. Kwenda magharibi huchukua kama saa 8 angani. Kurudi mashariki, saa 7 au pungufu. Dunia inapozunguka, hewa yake huzunguka nayo, na ndege imo ndani ya hewa hiyo tangu ikiwa bado chini uwanjani. Hakuna mji unaoisogelea.

Kinacholeta tofauti ni upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, hupita mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi, hasa majira ya baridi. Anayekwenda mashariki husukumwa. Anayekwenda magharibi hupambana nao. Februari 2020 ndege moja ya abiria ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56, upepo ukiwa mgongoni.

Tiketi nayo hupotosha. Ukiondoka New York saa 1 usiku, utafika London saa 1 asubuhi: zinaonekana saa 12, kumbe 5 kati yake ni tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili tu.