Mshahara umepanda ukiwa ndani ya ufilisi, hela ya nyongeza inaenda wapi?

Mama mmoja aliye ndani ya ufilisi alikuja ofisini kwetu kuomba ushauri, na barua ya kupandishwa cheo ameikunja mara nne, ameiweka nyuma ya kitambulisho cha kazi, kile cha kuning'iniza shingoni. Akaitoa, akainyoosha mezani kwa kiganja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri kosa, "Nikiikataa hii si itakuwa afadhali?" Alikuwa amekaa nayo siku tisa hajasaini. Alishapiga hesabu zake usiku akaona kila senti ya nyongeza itaenda kwa wadai na yeye atabaki na kazi kubwa zaidi kwa hela ileile, sasa ya nini kujichosha.

Hapana jamani, usiikatae. Na usimwombe bosi aishikilie mpaka ufilisi uishe, hilo nitalirudia chini kwasababu lina madhara yake. Lakini namuelewa kabisa huyu mama, maana hakuna mtu aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha hesabu inavyopigwa. Wengi wanaambiwa tu "ukipata zaidi utalipa zaidi" basi wanaondoka na hofu.

Ukweli ni kwamba ukiingia kwenye ufilisi, madeni yako mengi yanasimama, wadai hawaruhusiwi kukufuata mmoja mmoja, simu za vitisho zinakata, mshahara haukatwi ovyo na kila mwenye karatasi. Upande wa pili wa makubaliano hayo ni kwamba kama una kipato kinachozidi mahitaji ya wewe na familia yako, sehemu ya kile kinachozidi inaingia kwenye kapu la wadai. Kinachozidi, sio mshahara. Kwahiyo mfilisi anayesimamia faili lako hakuulizi umepandishwa kiasi gani, anachotafuta ni baada ya kodi na makato, na baada ya kutoa kile kiwango cha kuishi kilichowekwa kwa familia ya ukubwa wako, kimebaki nini. Hiyo ndio tunaita ziada.

Ile slipu ya mshahara ndio mwanzo wa kila kitu. Watu wananipigia na namba ya juu, ile ya kwenye barua, "nimeongezwa 500", nawaambia tulia, subiri slipu ya mwezi wa kwanza iliyotoka na mshahara mpya halafu shuka na kidole mpaka mstari wa mwisho kabisa, pale kwenye kiasi kilichoingia benki. Kodi imepanda nayo, mchango wa pensheni umepanda maana ni asilimia, bima labda, na 500 yako imekuwa 300. Kwa yule mama ilikuwa hivyohivyo, nusu ya hofu ilipungua pale tu alipoona mstari wa chini.

Tuchukue Kanada kwasababu kanuni yao ni rahisi kuifuata kwa kalamu. Kule kila mwaka kinatangazwa kiwango cha kuishi kulingana na idadi ya watu nyumbani, na kipato kinachozidi hapo ndio ziada. Ziada ikiwa chini ya dola 200 kwa mwezi hulazimiki kulipa ziada yoyote, ikifika 200 au kupita unalipa nusu ya ziada yote. Sasa sema, kwa mfano tu, kiwango cha familia yako ni 2,500 na ulikuwa unapokea mkononi 2,600. Ziada ni 100, hulipi. Nyongeza ikaja, 300 safi, sasa unapokea 2,900, ziada imekuwa 400, nusu yake 200. Kwahiyo katika ile 300 mpya wewe unabaki na 100 na wadai 200, ambayo kusema kweli inauma kidogo kwasababu umevuka mstari ukiwa karibu nao sana. Lakini angalia mtu ambaye tayari alikuwa amevuka, ziada yake ilikuwa 400 ikawa 700, alikuwa analipa 200 sasa analipa 350, yeye katika nyongeza ya 300 anabaki na 150 kamili. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyerudi nyumbani na hela pungufu kuliko kabla ya nyongeza. Hapo ndipo nataka msomaji akae kidogo, maana hofu kubwa ya watu ni kwamba watapandishwa mshahara halafu wawe maskini zaidi.

Kinachouma kweli ni muda. Hukohuko Kanada mtu anayefilisika mara ya kwanza na hana ziada anaweza kuachiliwa, yaani kutoka kwenye ufilisi, baada ya miezi 9, akiwa na ziada inakuwa miezi 21. Aliyewahi kufilisika mara moja kabla ni miezi 24, na akiwa na ziada 36. Yaani nyongeza inaweza kukuongezea mwaka mzima ndani ya ufilisi, na ukizidisha zile 200 mara 21 unapata 4,200, hiyo ndio bei halisi ya kuvuka mstari na ndio namba ya kumuuliza mfilisi, sio tu "nitalipa ngapi kwa mwezi".

Ila wakati nyongeza inapoingia nao una maana kubwa. Mahali ambapo wanapiga wastani wa kipindi badala ya kuangalia mwezi mmoja mmoja, nyongeza ya mwishoni haina nguvu sana. Mtu aliyekuwa na ziada ya 100 kwa miezi 7 halafu ikapanda kuwa 400 kwa miezi 2 ya mwisho, wastani wake kwa miezi 9 ni kama 167, hata 200 haifiki. Huyo akikaa kimya kwa woga ameficha kitu ambacho pengine kisingemgharimu chochote.

Nchi nyingine zina njia zao na usichukue hesabu ya nchi moja ukaivalisha nyingine. Australia wanaangalia kipato baada ya kodi kwa kipindi cha mwaka, kuna kizingiti ambacho hurekebishwa mara mbili kwa mwaka na hupanda kama una watu wanaokutegemea, na juu ya hapo unatoa nusu, ufilisi wenyewe ni miaka 3 na siku 1. Kule watu hujaribu ujanja wa kumwambia mwajiri nyongeza yote iende kwenye mfuko wa pensheni kwa hiari au ageuze kuwa gari la kazi, haisaidii, vyote vinahesabiwa kama kipato. England na Wales kwa kawaida unaachiliwa baada ya miezi 12, lakini makubaliano ya kulipa kutoka kwenye kipato yanaweza kwenda mpaka miaka 3, yaani unaendelea kulipa wakati jina la muflisi limeshakutoka, na nyongeza inayokuja mwaka wa pili watu huidhania haihusiki kumbe makubaliano bado yanaishi. Sheria yao ya ufilisi ya mwaka 1986 inataka ubakishiwe kinachotosha mahitaji ya kawaida ya nyumbani, yako na ya familia. Marekani ndio tofauti kabisa, sheria yao ya ufilisi ina sura mbalimbali na kila moja ni njia yake, ukiwa kwenye Sura ya 7 mshahara wa kazi unayofanya baada ya kufungua kesi ni wako, ukiwa kwenye Sura ya 13 una mpango wa miaka 3 mpaka 5 unaolipwa kutoka kwenye kipato, na kipato kikipanda msimamizi au mdai anaweza kuomba mpango urekebishwe. Watu wawili wa mtaa mmoja, nyongeza moja, majibu mawili tofauti. Kwahiyo ushauri wa shemeji aliyefilisika kwingine sikiliza kwa heshima tu, hesabu yako iko kwenye faili lako.

Sasa kuna upande ambao watu hawaugusi kabisa na ndio ninaoupenda kuliko wote, upande wa matumizi. Cheo kipya mara nyingi kinakuja na gharama zake. Yule mama alikuwa anahamishiwa kituo cha mbali, nauli mara mbili, na anatoka kazini saa ambayo mtoto wake mdogo ameshatoka shule, anahitaji mtu wa kumwangalia kwa malipo. Hakuwa ameandika hata kimoja, alifikiri mfilisi anataka kusikia kipato tu. Nchi nyingi zinaruhusu baadhi ya matumizi yasiyokwepeka yatolewe kabla ziada haijapigwa, vitu kama malezi ya mtoto ili mzazi aende kazini, dawa na matibabu, matunzo ya mtoto yaliyoamriwa na mahakama, gharama ambazo kazi yenyewe inakudai. Hazitolewi kwa maneno ya mdomo, zinatolewa kwa risiti. Tulikaa naye na karatasi, tukaandika nauli kwa siku mara siku za kazi, tukaandika malezi, na ile ziada iliyokuwa inamnyima usingizi ikapungua kwa zaidi ya nusu. Kile cha kumwangalia mtoto peke yake kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia arudi na barua ya huyo mlezi yenye kiasi na tarehe maana bila hiyo mfilisi mikono yake imefungwa hata kama anakuamini.

Bonasi na ovataimu nazo ni kipato, hata kama ni za mara moja. Mwezi wa ovataimu nyingi usiile yote ukidhani haikuandikwa kwenye mkataba, weka kando kama nusu hivi mpaka ujue imehesabiwaje. Malimbikizo yanahitaji uangalifu zaidi. Mwajiri akisema nyongeza inaanza kuhesabiwa miezi minne nyuma, utapokea donge, na swali la kwanza ni lile donge ni la kazi uliyofanya kabla ya kufilisika au baada, kwasababu cha kabla kinaweza kuchukuliwa kama mali uliyokuwa nayo tayari na sio kipato, na mali ina kanuni zake tofauti. Usilitumie mpaka upate jibu kwa maandishi. Na mwenza wako akipandishwa yeye, uliza pia, baadhi ya nchi huangalia kipato cha nyumba nzima ili kujua nani anabeba sehemu gani ya kodi ya nyumba na chakula, hata kama mwenza hana deni lolote.

Nilisema nitarudi kwenye kuficha. Kuna wanaonyamaza, kuna wanaofungua akaunti nyingine nyongeza iingie huko, na kuna wanaomwomba bosi asubiri. Mwisho wa siku mfilisi anaona taarifa za kodi, anaona slipu, anaweza kumwandikia mwajiri. Australia hata ukifanya kazi kwa malipo ya chini kuliko kazi hiyo inavyostahili mfilisi anaweza kukuhesabia kile ambacho ungelipwa kihalali, na akiona hushirikiani anaweza kuweka pingamizi ufilisi ukarefuka mpaka miaka 5 au hata 8. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi waliokuja kwetu na tatizo hili hawakuwa wezi, walikuwa watu wamechoka, nyongeza ya kwanza baada ya miaka ya dhiki, ikaenda kwenye viatu vya watoto na jino lililokuwa linauma mwaka mzima, halafu miezi sita baadae inagundulika wana deni la ziada la miezi sita kwa mkupuo na hela haipo. Huyo angesema mwezi wa kwanza, tungeanza na kiasi kidogo kila mwezi, na lile jino pengine lingeingia kwenye matibabu.

Na kama bado hujaingia kwenye ufilisi na unajua nyongeza iko njiani, sema hivyo siku ya kwanza ya ushauri. Kuna njia nyingine ambazo kiasi kinafungwa tangu mwanzo, kwa mfano lile pendekezo la kulipa wadai la Kanada ambalo linaweza kwenda mpaka miaka 5, ukishakubaliana na wadai malipo hayapandi kwasababu tu mshahara umepanda. Mtu anayetegemea kupandishwa cheo mwakani anaweza kuona hiyo inamfaa kuliko ufilisi, mwingine asiione hivyo, lakini lazima ziwekwe mezani zote mbili kabla hajasaini.

Barua ya kumjulisha mfilisi haihitaji lugha ya kisheria. Andika namba ya faili, tarehe mshahara mpya unapoanza, kiasi cha zamani na kipya vyote viwili baada ya makato, kama kuna malimbikizo na ni ya miezi ipi, na gharama mpya zinazokuja na kazi. Ambatanisha barua ya mwajiri na slipu ya kwanza, risiti kama zipo. Itume kwa imeili ili tarehe ibaki, usiishie kwenye simu tu, na omba akujibu kiasi kipya cha mwezi na kama tarehe ya kuachiliwa inabadilika. Mpaka ajibu endelea kulipa kile cha zamani kwa wakati, na sehemu ya nyongeza iache benki isiguswe. Nakala weka, kwasababu hali ikigeuka, masaa ya kazi yakapunguzwa au posho ikafutwa, barua ya namna hiyohiyo ndio utakayoandika kuomba malipo yashuke, na mfilisi atataka kuona ulikotoka.