Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa tundu dogo, na kwa nini hatusubiri tena akomae

Wagonjwa wengi hufika kliniki ya macho wakiwa wamekaa miaka wakiona kwa shida, kwa sababu waliambiwa na ndugu, na jirani, na wakati mwingine na mhudumu wa afya, kwamba mtoto wa jicho hafanyiwi upasuaji mpaka akomae. Ushauri huo ulikuwa na msingi zamani. Siku hizi hauna, na anayeufuata anaweza kujinyima upasuaji mwepesi ambao angeupata kama angefika mapema.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda ndani ya lenzi ya asili ya jicho, ile iliyo nyuma ya mboni na ambayo kazi yake ni kukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Si utando unaoota juu ya jicho, kwa hiyo hauwezi kukwanguliwa, na hakuna tone, kidonge wala dawa ya mitishamba iliyothibitishwa kuuondoa. Protini za lenzi, ambazo kwa kawaida hupangika kwa utaratibu unaoruhusu mwanga kupita, huvurugika na kugandamana kadiri umri unavyosonga. Kisukari, uvutaji wa sigara, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huharakisha mabadiliko hayo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 94 wana upungufu wa kuona, au upofu kabisa, unaotokana na ugonjwa huu, ilhali tiba yake inajulikana na hufanikiwa kwa sehemu kubwa sana ya wanaoipata.

Ili kuelewa ule ushauri wa kusubiri ulitoka wapi, ni lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel aliitoa lenzi yenye ukungu nje ya jicho, badala ya kuisukuma ndani kwa sindano kama ilivyofanywa kwa karne nyingi kabla yake. Kwa takriban karne mbili baada ya hapo, kuitoa lenzi kulimaanisha kulichana jicho kwa chale pana na kuishi baadaye kwa miwani minene mno, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuweka mahali pa lenzi iliyoondolewa. Mgonjwa alilazwa siku nyingi akikatazwa hata kugeuza kichwa. Kwa upasuaji wenye hatari ya kiasi hicho, ilikuwa busara kungoja hadi jicho liwe karibu halioni, kwani hapo mgonjwa alikuwa na kidogo cha kupoteza.

Mambo mawili yaliibadili hali hiyo. La kwanza ni lenzi bandia, ambayo Harold Ridley aliipandikiza London mwaka 1949 baada ya kugundua kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita, vilivyokuwa vimeingia machoni mwa marubani, havikuleta uvimbe kama alivyotarajia. La pili ni mashine ya mawimbi ya sauti inayoivunja lenzi ili itolewe kupitia tundu dogo, ambayo Charles Kelman wa New York aliianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1967, wazo lake likiwa limetokana na kifaa cha kusafishia meno alichokiona kwa daktari wake wa meno. Hata hivyo, kwa miaka mingi tundu dogo la Kelman lililazimika kupanuliwa mwishoni ili lenzi ngumu ya plastiki ipite. Manufaa yake yalionekana kikamilifu pale zilipopatikana lenzi laini zinazokunjika.

Upasuaji wenyewe kwa kawaida huchukua kati ya dakika 10 na 30, na mgonjwa huwa macho. Jicho hutiwa ganzi kwa matone, au kwa sindano pembeni ya jicho pale inapohitajika, kisha husafishwa kwa dawa ya iodini na kope hushikiliwa wazi kwa kifaa maalumu, hivyo hakuna haja ya kuhofia kupepesa. Mgonjwa huona mwanga mkali na rangi zinazohama, husikia mlio wa mashine na huhisi maji na mguso. Maumivu makali hayatarajiwi, na akiyapata anapaswa kusema, maana ganzi inaweza kuongezwa.

Daktari, akitazama kwa darubini, hufungua chale ya milimita 2 hadi 3 ukingoni mwa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na nyingine ndogo zaidi kwa ajili ya kifaa cha mkono wa pili. Ndani hutiwa jeli inayozilinda seli zilizojipanga upande wa ndani wa konea, ambazo zikifa hazioti tena. Kisha huja hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopima mkono wa mpasuaji kuliko zote: kuchana duara la karibu milimita 5 mbele ya kifuko kinachoizunguka lenzi, bila kukipasua kifuko chenyewe, ambacho upande wake wa nyuma una unene wa takriban maikroni 4 tu, yaani elfu nne za milimita. Ncha ya mashine, inayotetemeka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, huivunjavunja lenzi na kuifyonza papo hapo. Kifuko kikiwa kitupu na kizima, lenzi bandia iliyokunjwa hupenyezwa kwa bomba jembamba na kujikunjua yenyewe ndani yake. Jeli huoshwa, dawa ya kuzuia maambukizi huwekwa, na kingo za chale hujifunga kwa shinikizo la jicho lenyewe, mara nyingi bila hata uzi mmoja.

Udogo wa chale si suala la urembo. Konea ikikatwa kwa upana na kushonwa, umbo lake hupinda, na konea iliyopinda huleta uono uliovutika hata kama lenzi mpya ni safi kabisa. Zaidi ya hapo, chale ndogo hulifanya shinikizo la ndani ya jicho lisishuke ghafla wakati wa upasuaji, jambo linalopunguza hatari ya kuvuja damu nyuma ya jicho, na mgonjwa akikohoa katikati ya kazi jicho hubaki limefungika.

Sasa tazama kinachotokea lenzi inapoachwa miaka. Kiini chake hugeuka kahawia na kuwa kigumu, nacho huhitaji nguvu kubwa zaidi ya mashine, nguvu ambayo huzigharimu zile seli za konea zisizoota tena. Nyuzi zinazokishikilia kifuko zinaweza kuwa dhaifu. Lenzi iliyokuwa nyeupe kabisa humzuia daktari kuichunguza retina kabla ya upasuaji, na ikivimba inaweza kuziba njia ya maji ya jicho na kuleta presha ya macho ya ghafla yenye maumivu makali. Kigezo tunachokitumia leo ni maisha ya mgonjwa: ukungu unapomzuia kusoma, kuendesha gari, kutambua nyuso au kushuka ngazi bila hofu, wakati umefika. Vilevile, ukungu mdogo usiomsumbua mtu hauna haja ya kukimbiliwa kwa upasuaji. Mara nyingi kubadilisha miwani kunatosha kwa muda.

Aliyechelewa asikate tamaa. Kwa lenzi ngumu sana ipo njia nyingine ya chale ndogo isiyotumia mashine, ambamo lenzi hutolewa kwa mkono kupitia njia iliyochongwa ndani ya weupe wa jicho, yenye upana wa milimita 6 hadi 7, ambayo nayo kwa kawaida hujifunga bila kushonwa. Utafiti uliofanyika Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulizilinganisha njia hizo mbili na kukuta zote zikileta uono mzuri.

Kabla ya siku yenyewe jicho hupimwa urefu na mpindo wa konea ili kuchagua nguvu ya lenzi bandia. Kipimo hiki kinastahili utulivu, kwani kosa la milimita moja katika urefu linaweza kuiharibu nguvu ya lenzi kwa karibu dayopta 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Mwambie daktari kama unatumia tamsulosini au dawa nyingine za tezi dume, maana huilegeza mboni wakati wa upasuaji. Uliza pia lenzi utakayowekewa inakusudiwa kwa umbali gani. Lenzi ya kawaida hulenga umbali mmoja, na wengi huhitaji miwani ya kusomea baadaye. Na kama jicho lina presha ya macho ya siku nyingi au retina iliyoharibiwa na kisukari, lenzi mpya haitarudisha kile ambacho magonjwa hayo yamekwisha kukichukua.

Baada ya upasuaji utatumia matone kwa wiki kadhaa, utalala na kinga ya jicho siku za mwanzo, na hutalisugua. Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, uono unaoshuka, vimulimuli au kivuli kama pazia ni sababu za kurudi hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu maambukizi ya ndani ya jicho, ingawa ni nadra, yanaweza kuharibu uono ndani ya saa chache.

Miezi au miaka baadaye wengine huona ukungu tena na kudhani ugonjwa umerudi. Hauwezi kurudi, kwa kuwa lenzi iliyougua haipo; kilichopata ukungu ni ule upande wa nyuma wa kifuko. Daktari hufungua kidirisha katikati yake kwa mwanga wa leza, bila chale, kwa dakika chache, na mgonjwa huondoka siku hiyohiyo.