Mvua Ikipungua Kidogo, Mto Hupungua Sana

Kiangazi kikifika na kura (umeme) ikaanza kukatwakatwa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, watu hutuuliza sisi wa haidrolojia, yaani elimu ya maji: mbona mvua ilinyesha vizuri, halafu tunaambiwa Mto Ruzizi, unaozungusha mashine za umeme wetu, hauna maji ya kutosha?

Tuanzie mbali kidogo, kwenye bonde zima la Kongo, kwa sababu hesabu yake iko wazi. Bonde hilo lina karibu kilomita za mraba milioni 3.7, na hupata wastani wa milimita 1,500 hivi za mvua kwa mwaka. Mto ukipimwa Kinshasa hupitisha wastani wa mita za ujazo karibu 40,000 kila sekunde. Ukichukua maji hayo ya mwaka mzima na kuyatandaza juu ya bonde lote, kina chake hakizidi milimita 350 au hivi. Nyingine 1,150 zilichukuliwa na miti na jua, zikarudi angani. Mto, basi, ni salio, kama kinachobaki kwenye mshahara wa mwalimu baada ya kulipa nyumba na chakula.

Sasa punguza mvua kwa sehemu moja tu ya kumi, yaani milimita 150. Kama miti na jua vinaendelea kuchukua kilekile, mto unabakiwa na 200: zaidi ya asilimia 40 imepotea. Ni kweli kwamba wakati wa ukame msitu nao hubana matumizi, kwa hiyo pigo halisi huwa dogo kuliko hilo, lakini bado huzidi ile sehemu ya kumi. Joto likipanda, jua hudai zaidi, hata mvua isipobadilika.

Ruzizi una jambo lake la ziada. Unatoka Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na ziwa lenye eneo la kilomita za mraba karibu 2,400 hupoteza maji mengi sana kwa mvuke. Hupanda polepole na kushuka polepole. Maji yanayozungusha mashine za vituo vya umeme vya Ruzizi I, tangu mwisho wa miaka ya 1950, na za Ruzizi II, iliyozinduliwa 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi, yanabeba habari za misimu iliyopita, wala si za mvua ya juzi. (Zamani za kale maji haya yalikwenda kaskazini, upande wa Nile, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia na ziwa likafurika kuelekea kusini. Bila moto ule, tungekuwa tunawapelekea Wamisri maji yetu.)

Hapa mjini Bukavu, Mto Kawa na makorongo ya Kadutu hayana ziwa la kuyatuliza. Mvua ikipiga mabati na udongo mtupu, haichukui muda maji yako mlangoni mwa mtu. Hapa jumla ya mwaka haisemi mengi. Kinachoua ni ukali wa mvua ndani ya saa moja. Kwa kila digrii moja ya joto, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo dhoruba ikija inakuwa na akiba kubwa ya kumwaga. Hata hivyo sikubali tabianchi itwishwe kila kitu. Nyumba iliyojengwa ukingoni mwa korongo na chupa za plastiki zilizoziba kanivo (mitaro ya maji) ni kazi ya mikono yetu.

Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko yalipiga Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, yakaua zaidi ya watu 400. Wanasayansi wa World Weather Attribution walijaribu kupima ni kiasi gani ongezeko la joto duniani lilihusika na mvua za siku zile kandokando ya Kivu, wakashindwa kutoa jibu. Takwimu za mvua hazikutosha.

Na bila mfululizo mrefu wa vipimo, furiko moja hudanganya. Rekodi ya kimo cha Mto Kongo pale Kinshasa iliwekwa mwishoni mwa 1961, wakati sehemu kubwa ya ongezeko la joto tunalolizungumzia ilikuwa bado haijatokea. Miaka hiyohiyo Ziwa Victoria na Tanganyika yalipanda vibaya. Januari 2024 Mto Kongo ulikaribia tena kimo kile. Kinshasa inaweza kulinganisha kwa sababu kipimo chake kinasomwa tangu mwanzo wa karne iliyopita. Kawa haiwezi.

Kwa shule au parokia inayotaka kusaidia: chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi saa moja pima kina cha maji kwa rula, andika milimita na tarehe, kisha yamwage. Siku isiyo na mvua andika 0. Usiache nafasi tupu, maana atakayesoma daftari hatajua kama kulikuwa kukavu au mpimaji alikuwa safarini.