Mama yuko hai, lakini hayupo

Hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, hasa vijiji vya upande wa Bwera na Mpondwe, ukiuliza mama wa watoto fulani yuko wapi jibu huwa moja: "Ameenda Kasindi, atarudi." Kasindi ni ng'ambo tu ya mpaka, Kongo, na kweli wanawake wengi huvuka asubuhi kwenda kuuza, jioni wakarudi. Kwa hiyo jibu hilo halimshtui mtu. Wiki zinapita, mwezi unaisha, na jirani bado anasema atarudi.

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii, na kati ya kesi zote za watoto, za ndugu walioachwa na mama namna hii ndizo zinazochelewa kutufikia. Yatima tunawapata mapema. Mzazi akifa kuna matanga, wazee wa ukoo wanakaa, na kabla watu hawajatawanyika hutajwa mtu wa kuwatazama watoto. Kule Buganda kuna hata sherehe nzima ya kumaliza msiba, mrithi akasimamishwa mbele ya watu. Mama aliyeondoka hana matanga. Hakuna kikao, hakuna anayetajwa, na kila mtu mzima anayepita pale anaona si zamu yake. Shangazi anaogopa kuwachukua asije akaambiwa ameiba watoto. Mwalimu anamngoja mzazi. Sheria ya mirathi nayo haina la kusema, maana hakuna marehemu.

Wakati huo watoto wanaendesha nyumba, na wanajua kujificha. Mkubwa, mara nyingi msichana wa miaka 12 au 13, anakuambia mama yuko sokoni huku anakutazama usoni bila kupepesa. Uongo huo una sababu: ameshasikia kwamba watu wa serikali wakija, wadogo zake watapelekwa huku na yeye kule.

Ndiyo maana naanzia shuleni kabla ya kubisha hodi nyumbani. Chukua madaftari ya mahudhurio ya darasa la tano na la tatu, yaweke kando kando. Jumatatu yupo dada, Jumanne yupo kaka, Jumatano dada tena. Wanapokezana, kwa sababu kuna mdogo wa kulindwa. Elimu ya msingi ya serikali haina ada tangu 1997, sawa, lakini haimlei mtoto wa miaka miwili.

Ukifika nyumbani, angalia saa ya kupika. Sufuria ikiwekwa jikoni saa tisa au saa kumi alasiri, ujue wanaunganisha chakula cha mchana na cha usiku. Kisha yule mdogo. VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, ana utepe wa kupima mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na huyo hangoji kikao chochote, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Miguu yote miwili ikivimba, na kidole ukibonyeza kinaacha shimo, apelekwe vilevile, hata utepe ukisema kijani.

Uliza pia muhogo wanaula wa aina gani na wanauloweka siku ngapi. Muhogo mchungu una sianidi. Unataka kulowekwa siku kadhaa, kisha kuanikwa hadi ukauke. Mtoto mwenye njaa hupunguza siku. Wilaya yetu inalijua hili vizuri: Septemba 2017 watu 98 waliugua kwa unga wa muhogo na 2 wakafa, na baadhi yao walikuwa wamekula msibani, chakula cha kupikiwa na watu wazima.

Hali ikishajulikana, hatukimbilii makao ya watoto. Hayo ni mlango wa mwisho. Amri ya mahakama ya kumweka mtoto chini ya uangalizi haizidi miaka 3, na ndugu wanne si rahisi kupata mahali pamoja. Mimi huomba kikao kama cha matanga, ila bila maiti. Kisheria makamu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndiye mwenye dhamana ya mambo ya watoto kijijini, basi aite yeye. Waje wazee wa upande wa mama na wa baba. Na huyo baba, jamani! Watu watamlaani mama saa nzima kabla mmoja hajauliza baba yuko wapi, ilhali Sheria ya Watoto inawabebesha wote wawili.

Kikao kiandike mlezi ni nani na atalala wapi, nani anatia saini shuleni, na mipaka ya kibanja, kile kipande cha ardhi ya familia, inapita wapi. Hilo la kibanja wengi huliruka. Shamba la watoto wasio na mtu mzima huliwa mstari mmoja mmoja wa mahindi. Jirani anasogeza jembe kila msimu, na hakuna wa kumkemea. Uzungukeni mpaka wote kwa miguu, watoto wakiwepo, mpande alama.

Makamu mwenyekiti asipoita, piga 116, namba ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure.

Kwenye karatasi hiyo hiyo ya kikao naomba pawe na mstari wa mama mwenyewe: akirudi apitie kwanza kwa makamu mwenyekiti, asitukanwe wala asipigwe, awaone watoto mbele ya mlezi, na suala la kuishi nao tena liamuliwe polepole. Wazee wengine huukataa mstari huo kwa hasira. Nawaeleza kwamba mwanamke anayejua atapigwa hatapiga hata simu, na simu hiyo tunaihitaji: yeye ndiye anayejua kadi za chanjo ziko wapi, na baba wa yule mdogo ni nani.