Blanketi halina joto: kulala porini Tabora wakati wa kipupwe

Kila ikikaribia Juni napokea swali lile lile kutoka kwa wageni wanaotaka kuja kulala nasi kwenye kambi ya warina asali huko Sikonge: "Mtaalamu, Tabora si joto tupu? Sweta la nini?" Kwa mchana wako sahihi. Jua la Julai linafikisha nyuzi 28 hivi, na nguo uliyoianika inakauka kabla hujamaliza kufua ya pili. Ila mkoa wetu uko juu, Tabora mjini ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe hakina mawingu. Anga likiwa jeupe, ardhi inalala bila shuka: joto lote ililolikusanya mchana linapanda juu na kupotea. Mjini tunaamkia nyuzi 15 hivi. Porini kwenye mabonde ni baridi zaidi ya hapo, na mtu aliyekuja na kitenge kimoja anaanza kuhesabu majogoo ambao hawapo.

Mimi nilijifunza kwa kuteseka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nina begi la kulalia la bei mbaya. Nikalitandaza juu ya sakafu ya hema, nikajifunga zipu hadi kidevuni. Saa nane usiku meno yanagongana. Mzee tuliyekuwa naye kambini anakoroma chini ya blanketi moja la mistari, lile la kawaida la sokoni. Asubuhi nikamwamkia, nikamuuliza siri yake. Hakujibu, akainua tu mkeka wake. Chini kulikuwa na nyasi kavu, rundo zima, ambazo alizikata jua lingali juu wakati mimi nahangaika kupiga picha. "Kijana, wewe umejifunika juu tu," akasema. "Ardhi nayo ilikuwa inakula."

Ndicho ninachotaka kieleweke kabla ya mengine yote. Blanketi halina joto. Joto ni lako wewe, blanketi kazi yake ni kulichelewesha lisitoroke, na linafanya hivyo kwa kushika hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake. Sasa ukilala juu ya begi la kulalia, uzito wako unazikandamiza zile nyuzi za chini, hewa inatoka, unabaki na vitambaa viwili vyembamba kati ya mgongo wako na udongo wa baridi. Kwa hiyo ukiwa na mablanketi mawili, moja liende chini. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua kipande cha sponji ngumu kabla ya begi la kulalia. Ukiwa huna hela kabisa, nyasi zipo, ila zipigepige kwanza kwa fimbo, maana si wewe peke yako unayezipenda.

Nyuki wenyewe wanalijua hili kuliko sisi. Pale walipo watoto wao, ndani ya mzinga, pana nyuzi kama 35 usiku na mchana, hata nje kukiwa na baridi ya kuuma. Hawawashi chochote. Wanasongamana, wanatetemesha misuli ya mabawa bila kuyapiga, na joto linabaki katikati yao. Asali ndiyo kuni zao.

Mahali pa kupiga hema ni nusu ya kazi. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka usiku kama maji na kutuama mbugani. Wageni wanapenda mbuga kwa sababu ni tambarare na mandhari inavutia. Saa kumi alfajiri wanalowa umande. Panda kidogo mtelemkoni, kaa chini ya miti yenye majani. Matawi yanakukinga na lile anga jeupe, na hema litaamka kavu. Angalia tu juu yako pasiwe na tawi lililokufa.

Kisha jasho. Sisi mara nyingi tunalina usiku, mtu anapanda mti na ovaroli nzito, moshi usoni, anashuka amelowa chapachapa. Akikaa hivyo hivyo kuota moto, dakika ishirini tu anatetemeka, kwa kuwa maji yanapitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na yanapokauka yanachukua joto jingine mwilini. Badilisha nguo zote, hata za ndani, hata kama unaona uvivu. Mimi nina soksi za kulalia ambazo hazijawahi kuingia kwenye kiatu. Kofia pia. Lakini usijifunike uso mzima ndani ya blanketi, pumzi ina unyevu, utajilowesha mwenyewe.

Moto najua ndiyo sababu ya wengi kuja. Wasukuma wana shikome, pale jioni watu wanapoota moto na hadithi zinapita, na kambi bila moto hainogi. Ila moto unakupasha upande mmoja, mgongo unabaki nje. Ujanja wa warina ni kukaa kati ya moto na kichuguu kikubwa: kinazuia upepo na kinakurudishia joto mgongoni. Kikague kwanza, vichuguu vina mashimo na mashimo yana wenyewe. Fyeka majani kavu pande zote hadi udongo uonekane, maana Julai msitu wa miombo unawaka kwa cheche moja, na hema la nailoni vilevile.

Na hapa sitanii. Jiko la mkaa lisiingie hemani. Si kwa dakika tano, si kwa sababu mlango umeuacha wazi kidogo. Mkaa unaoonekana umeiva, usio na moshi, bado unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuja mtamu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu anadhani amepata joto. Mwenzako akilalamika kichwa ndani ya hema lenye jiko, mtoe nje kwanza, maswali baadaye.

Badala ya jiko, chemsha maji, jaza chupa ya chuma au galoni dogo gumu, kaza kifuniko, livishe soksi na uliweke kati ya mapaja. Kula kitu kizito kabla ya kulala: ugali, karanga, kijiko cha asali ukiwa Tabora si anasa. Kuhusu pombe, najua wapo watakaonibishia. Inafungua mishipa ya damu ya ngozi, unasikia joto usoni, kumbe ndilo linalotoka. Anayetetemeka mpe uji wa moto. Akianza kukokota maneno na kujikwaa, halafu kutetemeka kukakoma wakati bado ana baridi, hiyo si nafuu: mvue nguo mbichi, mfunge mablanketi juu na chini, mpeleke kituo cha afya. Watoto wapoteza joto haraka kuliko sisi, walale katikati.

Saa kumi na moja huwa naamka kuchochea moto. Maji ya kwenye chupa yanakuwa bado vuguvugu. Nusu nanawia uso, nusu natilia uji.